Siku Bupe Alipovunja Ungo

Iwekwe wazi tangu mwanzo, ili wajukuu wasije wakapotoshwa na watu wanaopenda kupamba: Bupe Mwaisumo hakukusudia kuwa mfano wa kuigwa. Alikusudia kuichekesha mashine.

Mashine yenyewe iliitwa Ungo. Ilikaa katika kibanda cha kioo nyuma ya maktaba ya Shule ya Wasichana Mlimangoma, na kila Novemba ilifanya kazi iliyotajwa na jina lake: ilipepeta. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliingia, akaketi, akajibu maswali kwa dakika ishirini, akatoka akiwa mchele au pumba. Alama sabini na kuendelea, Uhandisi. Chini ya hapo palikuwa na michepuo mingine yenye majina ya heshima, na chini kabisa palikuwa na Huduma na Malezi, maana yake miaka sita ya kuwageuza wazee vitandani katika Majumba ya Serikali. Treni ya kwanza Jumatatu, nguo mbili na ndoo yako. Ungo haukusikiliza rufaa. Ungo ulipepeta mara moja tu.

Kwa sababu hiyo Madam Ngowi, mkuu wa shule, aliwagawia wasichana karatasi ya ushauri. Ushauri wa saba ulisema: "Utakapoulizwa kuhusu maisha yako ya baadaye, usisahau kutaja ndoa. Ungo hupenda mtu mwenye mipango." Karatasi hiyohiyo iligawiwa katika shule zote nchini, za wavulana na za wasichana. Pale Mlimangoma waliikariri kama sala ya kabla ya maharage.

Bupe naye aliikariri. Lakini Bupe ndiye aliyewahi kutangaza kwenye kipaza sauti cha paredi, kwa sauti ya Madam Ngowi isiyo na kasoro, kwamba maharage yamefutwa kwa amri ya Wizara, na shule nzima ikashangilia dakika nne kabla ya mwenye sauti yake kufika. Mtu wa namna hiyo haketi mbele ya mashine ya serikali akabaki na akili timamu.

"Eleza maisha yako miaka kumi ijayo, kazini na nyumbani," Ungo ulimwambia, kwa sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mtu aliyemeza kengele.

Bupe alikunja uso kama diwani anayezindua kisima. "Miaka kumi ijayo nitakuwa mhandisi wa mitambo ya maji. Na nitaoa. Tena nitaoa wawili, mmoja anipikie, mmoja anifulie soksi, maana mtu mzito hafui soksi."

Alisubiri mashine icheke, au ipige king'ora, au imwite Matroni. Mashine ilisema, "Asante," ikamtemea karatasi.

Tisini na nne. Uhandisi.

Katika miaka minne ya Ungo hakuna msichana hata mmoja wa Mlimangoma aliyewahi kufika sabini. Kesho yake Madam Ngowi alilia mbele ya paredi, machozi ya kweli, akaifuta miwani kwa ncha ya kitenge. Picha ya Bupe ikabandikwa getini, na chini yake maandishi mekundu: MFANO WA KUIGWA. Wageni wakaalikwa kwa Jumamosi, Siku ya Binti na Mashine: Kamishna wa Vipaji mwenyewe, na Mhandisi Havijawa Kombo, mwanamke aliyeutengeneza Ungo.

Siku hiyohiyo ya machozi, rafiki yake Bupe aliyeitwa Kemilembe alipata arobaini na moja.

*

"Hongera, Mfano," Kemilembe alisema bila kuinua macho.

Ilikuwa Ijumaa mchana, bweni likiwa tupu kwa kuwa wengine walikuwa wakifagia uwanja kwa ajili ya wageni. Kemilembe alikuwa akipanga vitu ndani ya ndoo: sabuni, kandambili, daftari moja.

"Kemi, usianze."

"Nianze nini? Miye nimeshamaliza. Jumatatu naenda kuwageuza wazee. Na wewe, ambaye mwezi wa tatu ulidhani valvu ni aina ya samaki, unakwenda kujenga pampu."

Ilikuwa kweli. Bupe alidhani hivyo kwa siku mbili nzima, na hata alikuwa amemuuliza mpishi. Aliyemtoa ujinga huo ni Kemilembe, kama alivyomtoa ujinga wa hesabu, wa umeme, na wa kuandika programu zisizojizungusha mpaka kompyuta inapiga kelele. Nyumba ya mama yake Kemilembe ilikuwa Bukoba, katika mtaa ambao ziwa liliuingia miaka mitatu iliyopita na kukataa kutoka. Mama mtu alikuwa akilala juu ya meza nne zilizounganishwa. Nyuma ya kila daftari la Kemilembe kulikuwa na mchoro wa pampu, na kila pampu ilikuwa bora kuliko ile iliyotangulia.

"Nipe karatasi yako," Kemilembe alisema ghafla.

"Ya nini?"

"Ya majibu. Sheria inasema kila mtu apewe nakala ya maneno yake. Nipe."

Bupe aliitoa mfukoni. Kemilembe aliitandaza kitandani, akaweka yake pembeni, akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye maswali ya hesabu kidole kilienda mbio, maana majibu yake mwenyewe yalikuwa marefu zaidi na sahihi zaidi. Kilifika swali la mwisho kikasimama.

"Umeuambia utaoa?"

"Nilikuwa natania."

"Wawili?"

"Utani mdogo haunogi."

Kemilembe hakucheka. Kemilembe asipocheka huwa anapiga hesabu. Alivaa kandambili alizokwisha kuzipakia, akatoka, na Bupe akamfuata kwa sababu hakuna aliyemwambia asimfuate.

Katika maabara ya kompyuta kulikuwa na Ungo wa mazoezi, nakala ya ule mkubwa, ambao ulipokea maandishi badala ya sauti. Kemilembe aliandika majibu yake yote kama alivyoyatoa. Kwenye swali la mwisho aliandika: *Nitakuwa mhandisi wa pampu, nitaolewa, na nitaishi Bukoba mahali pakavu.*

Arobaini na moja.

Kisha akarudisha kishale nyuma, akafuta herufi tatu. L, e, w. Basi. Hakugusa kingine. *Nitaolewa* likawa *nitaoa*.

Tisini na saba.

Feni ya darini ilizunguka. Nje, kiranja wa usafi alikuwa akimtukana mtu kuhusu jani moja.

"Jaribu tena," Bupe alisema.

Kemilembe alirudia mara sita. Akabadilisha jina la mji, hesabu, ndoto, akaweka hata uongo kwamba anachukia pampu. Alama zilicheza huku na huku, mbili, tatu. Lakini kila aliporudisha zile herufi tatu, alama zilianguka kama embe bovu.

"Hauoni jina," Kemilembe alisema, akiongea na skrini. "Hausikii sauti, unaibadilisha kuwa maandishi kwanza. Hauambiwi nani mvulana nani msichana, ni marufuku kisheria. Na Kiswahili hakimuumbui mtu: yeye ni yeye, awe baba awe mama. Anajenga, anahesabu, analala. Huwezi kujua."

"Ila kwenye ndoa."

"Ila hapo tu. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Ungo ulifundishwa kwa kumbukumbu za wahandisi wa miaka arobaini. Kati yao walioolewa ni adimu kama maziwa ya kuku. Kwa hiyo umejifundisha wenyewe kwamba neno hilo ni dalili ya pumba. Na sisi tukapewa karatasi ya kutukumbusha tulitaje." Alizima skrini. "Nchi nzima, Bupe. Miaka minne."

"Tukamwambie Madam."

"Madam atasema nini? Ungo haurudii. Na wewe utakuwa umeudanganya. Unajua adhabu ya kuudanganya Ungo."

Bupe aliijua. Matokeo kufutwa, na kufyeka shuleni badala ya chuo.

"Unataka nifanye nini?"

"Sikuombi kitu," Kemilembe alisema, akisimama. "Umekalia kiti changu. Hukukiiba, umekikalia tu kama mtu aliyekuja kuchekesha harusi akajikuta yeye ndiye bwana harusi. Sikuombi ushuke. Nataka tu nikuchukie kwa utulivu mpaka Jumatatu. Usinifuate."

Safari hii Bupe hakumfuata.

*

Jumamosi asubuhi fulana za waridi ziligawiwa. Zilikuwa na maneno BINTI, UNAWEZA! kifuani, na mgongoni roboti lenye kope ndefu. Fulana kama hizo ziligawiwa kila mwaka, na kila mwaka binti aliambiwa anaweza, na kila mwaka hakuweza. Bupe alivaa yake ndani nje, lakini roboti lilionekana hata hivyo, kwa kinyume, kama mzimu.

Saa tatu akaitwa ofisini. Madam Ngowi alimkuta mlangoni, akamnyoosha kola isiyokuwepo, akamwambia, "Mgeni ameomba kuongea na wewe peke yako. Usimfanyie visa, Bupe. Nakuomba kama mzazi."

Mhandisi Havijawa Kombo alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye hijabu ya kijivu na uso wa mtu aliyezoea kukatizwa maneno. Mbele yake palikuwa na nakala ya majibu ya Bupe.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Kaa kitako." Alisoma kwa sauti kavu: "*Mmoja anipikie, mmoja anifulie soksi.* Una wake wangapi hivi sasa?"

"Bado natafuta, Mhandisi."

"Usinichezee. Unajua kwa nini ulipata tisini na nne?"

"Najua. Herufi tatu." Bupe alimtazama usoni. "Na wewe unajua."

Mhandisi aliinuka, akafunga dirisha. Hilo lilikuwa jibu tosha, lakini akatoa na jingine.

"Nilijua mwaka wa pili."

"Halafu?"

"Halafu sikiliza, maana kukasirika ni rahisi na umri wako unaruhusu. Nilipoajiriwa idara ya kompyuta tulikuwa ishirini na wanne. Wanaume ishirini na watatu, na miye. Wiki ya kwanza mmoja akanipa kikombe, akaniambia chai yake isiwe na sukari nyingi. Nikamwambia, miye ndiye niliyeandika programu unayoitumia hapo. Akasema, sawa, basi kijiko kimoja. Kabla ya Ungo palikuwa na kamati. Kamati ilikuwa ikifungua faili, ikiona 'msichana', inafunga. Sekunde mbili. Nikawajengea mashine isiyoona. Nikaondoa majina, nikaondoa sauti, nikajisifu kwenye mikutano kwamba lugha yetu yenyewe ni pofu, hatuhitaji hata kuifumba macho."

"Ukasahau ndoa."

"Nikasahau ndoa." Alisema kama mtu anayetema mbegu. "Miye mwenyewe sikuwahi kuolewa. Neno lenyewe halikunijia."

Bupe alitamani kucheka, na akajichukia kwa kutamani.

"Ukasema?"

"Kwa nani? Kamishna Masanilo anasubiri siku moja tu, siku ya kusema: mnaona mashine ya mwanamke? Turudisheni kamati. Nikilitangaza kosa, Ungo unavunjwa, na zile sekunde mbili zinarudi. Kwa hiyo nalipunguza kimyakimya. Kila mwaka nalipunguzia neno lile uzito kidogo, kiasi ambacho hakuna atakayegundua. Miaka sita zaidi, litakuwa limekwisha."

"Miaka sita," Bupe alisema. "Kemilembe ana mpaka Jumatatu."

"Kemilembe ni nani?"

"Ni tisini na saba."

Mhandisi akavuta kiti karibu, na sauti yake ikawa laini, jambo lililomtisha Bupe kuliko ukali wote. "Leo utapanda jukwaani, utaurudia usaili wako mbele ya wageni, kwa maonyesho tu, utapata tisini na nne yako, watapiga makofi. Utakwenda chuo. Utakuwa ndani. Tutakuwa wawili ndani, badala ya mmoja. Hivyo ndivyo mlango unavyofunguliwa, mwanangu, kwa kuwa ndani. Ukiubamiza kwa hasira, unajibana vidole na wa nyuma yako wanabaki nje."

"Na fulana?"

"Fulana zimefanyaje?"

"Kila mwaka unakuja kutuambia tunaweza, na unajua hatuwezi. Si ungekaa kwako tu?"

Kwa mara ya kwanza Mhandisi alipandisha sauti. "Ningewaambieni nini? Semeni uongo? Nisimame mbele ya watoto mia nne niwafundishe kujikana?"

"Ungetuambia ukweli. Uongo tungeutunga wenyewe, sisi ni wa bweni."

"Toka," alisema Mhandisi Havijawa Kombo.

"Asante, Mhandisi. Shikamoo."

Desturi ni desturi. Yule mama aliuma meno, lakini ilimtoka: "Marahaba."

*

Bwalo lilikuwa na wanafunzi mia nne wa waridi. Ungo ulikuwa umehamishiwa jukwaani na kuunganishwa na skrini kubwa, na kando yake waliketi wageni: Kamishna Masanilo katikati, suti ya kijani, tumbo la mtu aliyefungua mikutano mingi, Mhandisi Havijawa kushoto kwake, Madam Ngowi kulia, tayari na leso.

Kamishna aliifungua sherehe kwa kupepetwa yeye mwenyewe. Alikuwa mhandisi wa barabara kwa miaka thelathini, na alitaka ijulikane. Alijibu maswali kwa sauti nene, na alipofika la mwisho akasema miaka kumi ijayo atakuwa amestaafu kwa heshima, na kwa kuwa Mungu hamtupi mja wake, huenda ataoa tena. Bwalo likacheka pale panapopaswa kuchekwa. Tisini na sita. Makofi.

"Sasa," alisema, akishika kipaza sauti kama shingo ya kuku, "tumwone binti wetu. Watu husema wasichana hawawezi. Mimi nasema wanaweza, wakipatikana. Huyu amepatikana."

Bupe alipanda. Katika mstari wa tatu alimwona Kemilembe, peke yake bila fulana ya waridi, mikono imekunjwa. Hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama ndoo za maua pembezoni mwa jukwaa, pengine akikadiria ujazo wake.

Yalikuwa mambo mawili tu, na Bupe aliyaona yote mawili wazi kama ubao. Herufi tatu zikikaa nje, alikuwa na chuo. Zikiingia, alikuwa na fyekeo.

Usaili wake ulikuwa umehifadhiwa. Ungo ulirudia swali la mwisho tu, ili kuokoa muda wa wageni.

"Eleza maisha yako miaka kumi ijayo, kazini na nyumbani."

"Nitakuwa mhandisi wa mitambo ya maji," Bupe alisema. "Na nitaolewa."

Arobaini na tatu, ilisema skrini. Huduma na Malezi.

Bwalo lilivuta pumzi kwa pamoja. Leso ya Madam Ngowi ilisimama hewani.

"Hitilafu ndogo," Kamishna akasema. "Rudia, binti. Usiogope."

Bupe akabonyeza kitufe cha kurudia. "Nitakuwa mhandisi wa mitambo ya maji. Na nitaoa."

Tisini na nne.

"Mmeona?" Bupe aliwageukia wenzake. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa akiigiza sauti ya mtu. "Mimi siku ile nilitania. Ndiyo maana nipo hapa juu. Nyinyi mlisema kweli, mkataja ndoa kama tulivyofundishwa, na ndiyo maana mpo hapo chini. Kemilembe Rweyongeza ananizidi kwa kila kitu. Ananizidi hata kwa kunichukia. Futa herufi tatu kwenye karatasi yake, anapata tisini na saba."

Kelele zilizofuata hazikuwa makofi. Kamishna alisimama, na kipaza sauti kikasimama naye.

"Kimya! Kimya! Mnamsikiliza mwongo? Amekiri mwenyewe! Ameudanganya Ungo, chombo cha serikali, na sasa anatafuta wa kufa naye. Ungo hauna ubaguzi! Neno moja haliwezi kumshusha mtu!"

"Ni kweli, Mheshimiwa, mimi mwongo," Bupe alisema kwa unyenyekevu ambao walimu wa Mlimangoma walijifunza zamani kuuogopa. Vidole vyake vilirudi nyuma kwenye vitufe, vikatafuta ukurasa wa mhojiwa aliyetangulia. "Basi ajaribu mtu mkweli. Mheshimiwa ni mhandisi wa miaka thelathini. Neno moja haliwezi kumshusha. Aseme tu ataolewa."

"Eleza maisha yako miaka kumi ijayo," Ungo uliuliza kwa adabu, "kazini na nyumbani."

"Mimi?" Kamishna alinguruma, kipaza sauti kikiwa sentimita mbili kutoka mdomoni. "Mimi nitaolewa? Nitaolewa na nani?"

"Asante," ulisema Ungo.

Thelathini na nane. *Mhojiwa anafaa Huduma na Malezi. Afike kituo cha treni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na nguo mbili na ndoo.*

Kuna vicheko vya heshima, na kuna vicheko vya bweni. Hiki kilikuwa cha bweni. Kilianzia kidato cha kwanza kikapanda kama maji ya Bukoba, na hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa na meno. Madawati yaligongwa. Mtu alipiga kelele, "Tumletee ndoo!" na ndoo ikaja kweli, ikipitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka ikatua miguuni pa Mheshimiwa.

Kamishna hakuitazama. Alimgeukia Mhandisi. "Waambie," alisema, akisahau kwamba bado anasikika bwalo zima. "Waambie mashine imeharibika. Sema mtoto huyu ameiharibu."

Bwalo likatulia. Mhandisi Havijawa alisimama taratibu. Alimtazama Bupe, na katika macho yake hapakuwa na huruma hata chembe. Miaka yote ya kupunguza kidogokidogo ilikuwa imekufa pale jukwaani, mbele ya ndoo, na yeye angeweza kuifufua kwa sentensi moja. Bupe alijua. Mkosaji alikuwa tayari, amekiri, amevaa fulana ndani nje.

"Mashine haijaharibika," alisema Mhandisi. "Inafanya kazi kama ilivyofundishwa. Aliyeifundisha ni miye, na nililijua kosa hili tangu mwaka wa pili. Nilinyamaza."

Kisha akachomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazima.

*

Treni ya Jumatatu iliondoka bila msichana hata mmoja. Wazazi walikuwa wamepiga simu, magazeti yakafuata, na Wizara ikasimamisha matokeo ya miaka yote minne "ili kuyatazama kwa jicho la pili", kana kwamba kulikuwa na la kwanza.

Mengine yalikwenda kama Mhandisi alivyotabiri. Kamishna alisema kwenye redio kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumwachia mwanamke mitambo nyeti, na kamati ikarudishwa. Mhandisi alifutwa kazi kabla ya magharibi ya Jumamosi ileile. Bupe alimkuta getini akipakia sanduku lake, chini ya picha ya mfano wa kuigwa ambayo mtu alikuwa ameshaichora masharubu.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Nakuchukia, mtoto wewe. Nitakuchukia mpaka Ramadhani mbili zipite."

"Ndiyo, Mhandisi."

"Halafu njoo. Vitu vya kutengeneza havitakwisha." Akafunga mlango wa gari kwa nguvu ya kutosha watu watatu.

Matokeo ya Bupe yalifutwa. Adhabu ya shule ilikuwa kufyeka uwanja wote wa mpira, wiki tatu, peke yake. Jumatano alikuwa amefika karibu na goli la kaskazini, viganja vimetoka malengelenge, aliposikia fyekeo la pili likilia nyuma yake. Hakugeuka. Lilikuja likampita, likakata mstari ulionyooka kama rula.

"Kesho naketi mbele ya kamati," Kemilembe alisema, akiendelea kukata. "Watu watano. Wanaume wanne. Watanitazama usoni, na sura haifutwi kwa kishale."

"Utawaambia nini?"

"Nimebeba pampu. Ile ndogo, niliyotengeneza kwa vyuma vya baiskeli. Nitaiweka mezani, niiwashe, niwamwagie maji kwenye viatu mpaka waniulize swali la maana." Akakata tena. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Unashika fyekeo kama kijiko. Shusha mkono."

Bupe akashusha mkono. Walifyeka bila kusema mpaka Matroni alipotokea upande wa mabweni, bibi wa miaka sabini asiyesikia vizuri na asiyehudhuria sherehe, amebeba kifurushi cha karatasi ya kaki na uso wa mtu aliyetumwa na mababu. Alimvuta Bupe kando, akampa kifurushi. Ndani mlikuwa na pedi mbili, sabuni ya kipande, na kanga mpya.

"Shule nzima inasema umevunja ungo, mwanangu," alisema kwa sauti aliyodhani ni ya siri, na uwanja mzima ukaisikia. "Miaka kumi na saba! Kumbe ulikuwa bado?"

Nyuma yao fyekeo la Kemilembe lilinyamaza. Kisha kikasikika kitu ambacho Bupe hakuwa amekisikia tangu Ijumaa: Kemilembe akicheka, kwa pua, bila ruhusa yake mwenyewe.

Bupe alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyopasa.

"Tulikuwa bado, Matroni," alisema. "Shule nzima."